Roketi ya Mwezini Ikiahirishwa: Yanayofanyika Kabla Wanaanga Hawajaondoka

Kila safari ya Mwezini inapoahirishwa, kitengo chetu cha elimu kwa umma hupokea maswali mengi, na baadhi yake ni lawama. Wapo wanaosema wahandisi wameshindwa kazi. Wapo pia wanaolifanya ahirisho kuwa ushahidi kwamba binadamu hajawahi kufika Mwezini. Tunaamini wengi huuliza kwa nia njema, ndiyo maana tunatoa ufafanuzi huu. Jambo moja tuliweke wazi mapema: saa ya kuhesabu kurudi nyuma imewekwa ili iweze kusimamishwa. Kuisimamisha ni sehemu ya kazi.

Tuchukue roketi ya SLS ya Marekani, yenye urefu wa mita 98, inayobeba chombo cha wanaanga cha Orion katika Artemis, mpango wa kurudisha binadamu Mwezini. Huunganishwa ndani ya jengo maalumu katika kituo cha anga cha Kennedy, Florida, kisha gari kubwa la minyororo huibeba ikiwa wima hadi uwanja wa kurushia wa 39B, umbali wa takriban kilomita 6.4. Safari hiyo yaweza kuchukua hadi saa 12.

Matatizo mengi huanza wakati wa kujaza tangi. Hatua kuu ya roketi hupokea takriban lita milioni 2 za haidrojeni kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, na takriban lita 742,000 za oksijeni kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Mabomba hupoozwa kwanza, kwa sababu haidrojeni ikikutana na bomba la joto la kawaida huchemka papo hapo, mfano wa maji yaliyomwagwa kwenye kikaango cha moto. Kisha kimiminika huingizwa polepole, halafu kwa kasi, na tangi likishajaa huongezewa kidogo kidogo kufidia kinachogeuka mvuke.

Kutoka mwendo wa polepole kwenda wa kasi ndipo hatari ilipo. Shinikizo hupanda, chuma kimeshasinyaa kwa baridi, na mpira wa kuzibia kiungo umekakamaa. Molekuli ya haidrojeni ni ndogo mno. Hupenya mahali ambapo maji na hata gesi nyingine zisingepita. Hewa yenye haidrojeni kuanzia asilimia 4 inaweza kushika moto, na hicho ndicho kikomo kilichofuatwa uwanjani mwaka 2022.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 katika Artemis I, ambayo haikubeba mtu. Tarehe 29 Agosti kihisi kimoja kilionyesha kuwa injini namba 3 haijapoa inavyotakiwa. Baadaye ilibainika kwamba mwenye kasoro ni kihisi. Tarehe 3 Septemba haidrojeni ilivuja kwenye kiungo cha bomba la upana wa takriban sentimita 20. Mafundi walijaribu mara tatu kukaza mpira wa kuzibia kwa kubadilisha joto na shinikizo, haikusaidia. Mpira ulipotolewa, ulikutwa na alama ya kubonyea isiyofika robo ya milimita. Robo ya milimita! Anayedai kuwa ahirisho lile lilikuwa kisingizio aitafakari hiyo alama.

Huulizwa pia mbona roketi za Scout, zilizorushwa kutoka majukwaa ya San Marco baharini karibu na Malindi kati ya 1967 na 1988, hazikuhitaji haya yote. Zilitumia fueli yabisi, inayomiminwa kiwandani na kukaa tayari. SLS nayo ina roketi mbili za namna hiyo ubavuni, na hutoa zaidi ya asilimia 75 ya nguvu za kuondokea. Tatizo la fueli yabisi ni kwamba ikishawashwa haizimiki. Kwa hiyo injini nne za kimiminika huwashwa kwanza, takriban sekunde 6 kabla ya kuondoka, kompyuta huzikagua, na zikionyesha hitilafu huzimwa. Zile za pembeni huwashwa mwisho.

Kusimama kuna gharama yake, tena hutofautiana kwa dakika. Ukisimama kabla ya dakika 6 za mwisho, saa husubiri tu. Ukisimama baada ya hapo kwa zaidi ya dakika 3, au ukisimama katika dakika moja na nusu ya mwisho kabla kompyuta haijachukua uongozi, saa hurudishwa hadi dakika ya 10, ikiwa muda wa kurusha uliobaki siku hiyo unaruhusu. Muda huo hupangwa na mahali Mwezi ulipo na mzunguko wa Dunia, na pia na sharti kwamba paneli za jua za Orion zisikae gizani zaidi ya dakika 90 mfululizo. Ukikosa, tangi humwagwa, na haidrojeni iliyotumika lazima iletwe upya. Juu ya hayo, mfumo wa kuilipua roketi ikipotea njia una betri zenye muda wa uthibitisho: mwaka 2022 zilikuwa siku 20, zikaongezwa hadi 25. Zikiisha, roketi hurudi jengoni. Hakuna mkurugenzi anayeweza kuruka sharti hilo bila kibali cha mamlaka ya usalama wa eneo la urushaji.

Kwa wanaanga, masharti ni makali zaidi. Tarehe 27 Januari 1967 Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walifariki ndani ya kapsuli, yaani chumba cha wanaanga, ya Apollo 1, ya mpango wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu Mwezini, wakiwa kwenye mazoezi, roketi ikiwa haina mafuta. Kapsuli ilijazwa oksijeni tupu yenye shinikizo kubwa kuliko hewa ya nje, na mlango ulifunguka kwa ndani, hivyo shinikizo la moto likaubana. Baada ya hapo mlango ulibadilishwa ufunguke kwa nje, na hewa ya kapsuli ikiwa uwanjani ikachanganywa na naitrojeni. Tangu hapo, mtu anayesema "ni mazoezi tu" hajui anachosema.

Wanaanga wa Artemis II, safari ya kwanza ya Artemis kubeba watu, yaani Reid Wiseman, Victor Glover, Christina Koch na Jeremy Hansen wa Kanada, walitangazwa tarehe 3 Aprili 2023. Maandalizi yao yalihusisha vyumba vya kuigiza safari mjini Houston, kutoka kapsulini baharini pamoja na wanamaji, na kuukimbia mnara wa kurushia kwa vikapu vinavyoteleza kwenye nyaya. Suti zao zinaweza kuwaweka hai hadi siku 6 kapsuli ikipoteza hewa. Kabla ya safari, wanaanga hutengwa kwa siku 14. Utaratibu wa kutenga ulianza na Apollo 14, baada ya Ken Mattingly kuondolewa Apollo 13 mwaka 1970 kwa kukaa karibu na mgonjwa wa rubela. Msafiri mwenye homa hana daktari wa kumkimbilia.

Ngao ya joto, inayoikinga kapsuli isiungue ikirudi Duniani, nayo ilileta mjadala. Kapsuli ya Artemis I ilirudi tarehe 11 Desemba 2022 ikiwa imebanduka vipande vya ngao sehemu zaidi ya 100. Uchunguzi ulionyesha gesi zilinaswa ndani ya ngao wakati joto lilipopungua katikati ya kuingia angahewani, zikaipasua. Ngao ya Artemis II ilikuwa imeshafungwa, hivyo iliamuliwa kubadili njia ya kurudi ili kupunguza muda wa hali hiyo.

Wenye vyombo vya majini wajue kwamba kuingia eneo la bahari lililofungwa kwa ajili ya urushaji ni kosa linaloadhibiwa chini ya sheria za Marekani. Tarehe 30 Januari 2022 meli moja ya watalii ilisababisha roketi ya Falcon 9 iahirishwe. Agosti 2020 boti binafsi zilizingira kapsuli ya wanaanga iliyotua baharini karibu na Pensacola, Florida, wakati mvuke wa sumu wa fueli ulikuwa bado unapimwa.

Kwa wanaofuatilia matangazo ya moja kwa moja: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba ongeza saa 7 kwenye saa ya Florida kupata saa ya Afrika Mashariki, siku nyingine ongeza 8. Artemis I, iliyoondoka saa 7:47 usiku wa 16 Novemba 2022 huko, huku kwetu ilikuwa saa 3:47 asubuhi.