Gavana hakuwa mwenye mji: New York mikononi mwa Waingereza, 1776 hadi 1783

Wiki iliyopita, pale kwenye bustani ya Bowling Green, mgeni kutoka Mombasa aliniuliza swali ambalo kwa sasa nalisikia hata usingizini: "Kwa hiyo gavana wa Mwingereza ndiye aliyekuwa akiwafunga watu hapa?" Nawatembeza Waswahili kusini mwa Manhattan mwaka mzima, na karibu kila kundi lina mtu wa kuliuliza.

Siye. Naijua dhana hii inakotoka. Kwetu gavana wa kikoloni alikuwa ndiyo serikali yenyewe. Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari Kenya, Oktoba 1952, watu waliiona amri yake ikitembea hadi vijijini. Basi mtu akisikia kwamba New York nayo ilikuwa na gavana wakati wa Mapinduzi ya Marekani, anamwona Baring mwingine.

William Tryon alikuwa gavana wa New York tangu 1771. Oktoba 1775 wanamapinduzi walimtia hofu hadi akakimbilia melini, akawa gavana wa jimbo asiloweza kukanyaga. Jeshi la Uingereza lilipouteka mji, tarehe 15 Septemba 1776, alirudi nchi kavu na cheo chake. Mamlaka hayakurudi naye. Mji uliwekwa chini ya sheria ya kijeshi. Mahakama za kiraia zilifungwa, baraza la kutunga sheria halikuitishwa, na hali ikabaki hivyo hadi Waingereza walipofungasha virago. Hata nyumba ya gavana haikuwepo, ilikuwa imeteketea Desemba 1773.

Mwenye mji alikuwa kamanda wa mji, afisa wa jeshi aliyewajibika kwa jenerali mkuu. Kamanda ndiye aliyepanga bei ya kuni na ya mkate. Muuza pombe alihitaji kibali, na mtu wa kutoka mjini alihitaji pasi. Raia akishtakiwa kwa wizi au kuua, aliokutana nao mbele yake ni maafisa wenye magwanda. Nyumba za waasi waliokimbia zilitwaliwa na kupangishwa, na sehemu ya kodi zake ikawalisha maskini wa mji.

Anayenisaidia zaidi kuwaeleza wageni ni James Robertson, kwa sababu alivishika vyeo vyote viwili. Kwanza alikuwa kamanda wa mji. Machi 1780 akarudi kutoka Uingereza na hati ya ugavana, na mwezi uliofuata akawatangazia wafuasi wa mfalme kwamba utawala wa kiraia utarejeshwa. Watu hawa walikuwa wamepoteza mashamba na jamaa kwa ajili ya mfalme, na walitaka mahakama yao. Wakangoja. Henry Clinton, jenerali mkuu, hakukubali. Mahakama zikifunguliwa, mkulima wa Long Island angeweza kumshtaki afisa aliyemchukulia farasi, nyasi na kuni, na jeshi lisingeweza tena kuibana biashara ya bandari lipendavyo. Robertson aliishia kuunda mahakama ya polisi Long Island, iliyosimama kwa ridhaa ya jeshi tu. Cheo cha gavana hakikumpa mamlaka aliyokuwa nayo mjini humo alipokuwa kamanda.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Katika jimbo la Georgia, baada ya mji wa Savannah kutekwa Desemba 1778, gavana James Wright alirudishwa kazini na baraza likakutana tena 1780. New York ilinyimwa utawala wa kiraia kwa makusudi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mombasa, waliowafunga watu ni jeshi la nchi kavu na la majini. William Cunningham alisimamia gereza la kijeshi mjini. Meli za wafungwa, Jersey ikiwa ndiyo mbaya kuliko zote, zilitia nanga ghuba ya Wallabout, upande wa Brooklyn. Waliofia humo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 11,000, wengi kuliko waliouawa katika mapigano yote ya vita ile.

Mengine nitayapitia haraka. Moto wa 21 Septemba 1776, ulioteketeza mamia ya nyumba na kanisa la Trinity, hakuna aliyewahi kuthibitishwa kuuwasha. Anayekutajia mhusika kwa uhakika anakudanganya. Yorktown, ambako jeshi kubwa la Waingereza lilisalimu amri Oktoba 1781, haikuikomboa New York: Waingereza walikaa hadi 25 Novemba 1783. Na uzio wa chuma wa Bowling Green si nakala. Ni wa 1771. Nawaomba wageni wapitishe kidole juu ya nguzo zake: zimekatwa kwa msumeno, na mikwaruzo bado inashikika.

Halafu kuna hili: "Waingereza waliwakomboa watumwa." Waliwaahidi uhuru watumwa wa waasi. Mtumwa wa mfuasi wa mfalme alibaki mtumwa. Hata hivyo, vita vilipokwisha, George Washington alidai watoro warudishwe, na Guy Carleton, aliyemrithi Clinton kama jenerali mkuu, akakataa. Watu weusi wapatao 3,000 waliandikwa daftarini, jina, umri na bwana wa zamani, wakapandishwa meli. Harry Washington, miaka 43, ameandikwa humo kuwa alimkimbia Jenerali Washington miaka 7 nyuma. Alikwenda Nova Scotia, kisha Sierra Leone 1792. Vyeti vya uhuru vya watu hao havikutiwa saini na gavana yeyote. Vingi vina saini ya Samuel Birch, kamanda wa mji.