Homoni ya Tezi kwa Mzazi Mzee: Majibu kwa Watoto Wanaomtilia Shaka Daktari

Maswali haya huletwa kliniki hapa Nairobi na watu wenye nia njema kabisa, yaani mabinti na wana wanaowatunza wazazi waliozeeka, ambao hawaridhiki na namna daktari anavyosimamia dawa ya homoni ya tezi ya shingo. Kumtilia daktari shaka si kosa. Kosa, tena lile linalotuletea wagonjwa wakiwa mahututi, ni kumwachisha mzazi dawa nyumbani kabla ya mtu yeyote kumwuliza daktari huyo neno moja.

Homoni hii ni ipi, na kwa nini mama aipate kwa kidonge?

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, na homoni yake ndiyo inayopanga kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, choo, hata wepesi wa kufikiri. Ikipungua, mtu husikia baridi wakati wenzake wako sawa, huchoka, hufunga choo, ngozi hukauka na kumbukumbu hulegea. Mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, au tezi kuondolewa kwa upasuaji au kudhoofishwa kwa iodini ya mionzi. Vyanzo vingine vipo pia. Kidonge cha levothairoksini hurudisha homoni iliyopungua, na kwa wagonjwa walio wengi hutumiwa maisha yote.

Mama ana miaka 78 na ana ugonjwa wa moyo. Ameanzishiwa mikrogramu 25, ilhali dada yangu alianzishiwa 100. Je, anapuuzwa kwa sababu ni mzee?

La, analindwa. Moyo wa mzee uliozoea kwenda polepole, ukisukumwa ghafla kwa dozi kubwa, unaweza kuleta maumivu ya kifua au kupoteza mpangilio wa mapigo, na ndiyo maana mzee mwenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa mikrogramu 12.5 au 25 na kupandishwa hatua kwa hatua. Dawa hii huchukua kama siku 7 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kila dozi mpya huhitaji takriban wiki 6 ili itulie, na kipimo cha damu hurudiwa kati ya wiki ya 6 na ya 8. Anayelalamika baada ya wiki mbili kwamba dawa haifanyi kazi amelalamika mapema mno. Anayeamua kumwongezea mama vidonge vya dada yake, na wapo, anacheza na moyo wa mamake.

Daktari amempunguzia dozi ilhali bado anachoka. Huko si kurudi nyuma?

Si lazima. Kipimo cha TSH huwachanganya wengi kwa sababu husomwa kinyume: TSH hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ili kuihimiza thairoidi, kwa hiyo ikiwa chini sana kwa mtu anayemeza kidonge, maana yake kwa kawaida ni kwamba dozi imezidi. Dozi iliyozidi kwa mzee humpa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo huweza kuleta kiharusi, na hudhoofisha mifupa hadi anguko dogo bafuni linavunja nyonga. Isitoshe, TSH hupanda kidogo kadiri umri unavyosonga, na utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 kuhusu watu wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na upungufu mdogo ulionyesha kwamba kidonge hakikuwapunguzia uchovu. Uchovu wa mzee una milango mingi, kama vile upungufu wa damu, kisukari, huzuni na baadhi ya dawa za presha. Mwombe daktari aikague milango hiyo badala ya kumshinikiza apandishe homoni.

TSH haishuki ingawa dozi imepandishwa mara kadhaa. Tumhame daktari?

Kabla ya kumhama daktari, angalieni kinachoendelea mezani asubuhi. Kidonge hiki humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Katika nyumba nyingi za Nairobi mzee hukimeza pamoja na chai ya maziwa, uji au kahawa, tena katika mkupuo mmoja na vidonge vya kalsiamu, vya madini ya chuma au vya kutuliza kiungulia. Kalsiamu, chuma na dawa hizo za asidi huzuia homoni isiingie mwilini, kwa hiyo zinapaswa kutengwa nayo kwa muda wa saa 4. Daktari asiyeambiwa haya huona TSH iko juu na kupandisha dozi, akidhani anatibu tezi. Kisha mama huenda kijijini kukaa na binti mwingine anayefuata maagizo sawasawa, na dozi ile iliyopandishwa bila sababu inakuwa sumu. Mtaje pia kila kidonge cha vitamini, hasa vile vya nywele na kucha vyenye biotini, kwa kuwa huweza kupotosha majibu ya maabara.

Asiyeweza kusubiri chai yake anaweza kumwuliza daktari kuhusu kumeza usiku, angalau saa 3 baada ya chakula cha jioni. Kwa wengi hilo humaliza tatizo.

Simwamini daktari huyu. Nimsimamishie mama dawa hadi nipate mwingine?

Hapana.

Hata kwa wiki chache tu?

Hapana, na naomba sababu yake isomwe kwa makini. Kwa kuwa dawa hutoka mwilini polepole, wiki ya kwanza mama haonyeshi tofauti yoyote, na familia huanza kusema kwamba hakuihitaji. Hapo ndipo wanaponaswa. Baada ya wiki kadhaa sauti inakuwa nzito, uso unavimba, analala mchana kutwa, na wote wanakubaliana kwamba ni uzee. Halafu baridi ya Julai inaingia, anapata homa ya mapafu au anapewa dawa ya usingizi, na mwili uliokwisha kuishiwa homoni unashindwa kustahimili. Tunampokea akiwa baridi, amechanganyikiwa, anapumua polepole, na wapo wasiotoka hospitali.

Na ikiwa mwenyewe anasema amepona?

Hapana, asiache. Anajisikia vizuri kwa sababu anameza kidonge. Mitishamba haichukui nafasi yake, na mtu aliyeondolewa tezi yote hana mahali pengine pa kuipata homoni hiyo.

Je, ikiwa dawa ndiyo inayomdhuru?

Moyo ukienda mbio au bila mpangilio, au akipata maumivu ya kifua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo mkiwa na pakiti ya dawa. Huenda daktari wa huko akaisitisha kwa muda, lakini huo ni uamuzi wa mtu aliyempima moyo na damu. Akiwa baridi, amelala na haamki vizuri, msisubiri asubuhi.

Basi tumwulize vipi daktari bila kumvunjia heshima?

Mwanzo, mwulizeni mama mwenyewe anataka nini, kwa sababu mgonjwa ni yeye. Kisha ulizeni waziwazi: lengo la TSH kwa umri wake ni lipi, kwa nini dozi imebadilishwa, na kipimo kijacho ni lini. Daktari anayebadilisha dozi bila kipimo, anayekaa zaidi ya mwaka bila kumpima, au anayekataa kueleza, amewapa sababu halali ya kutafuta maoni mengine, na hati ya haki za wagonjwa ya Kenya ya mwaka 2013 inaitambua haki hiyo. Nendeni kwa daktari wa pili na majibu yote ya maabara yenye tarehe pamoja na pakiti zenyewe, maana baadhi huandikwa miligramu 0.05 na nyingine mikrogramu 50, ambazo ni dozi ileile, na nimekutana na familia iliyokuwa ikizimeza zote mbili.