Jiwe halichongwi, hubambuliwa

Mwezi uliopita niliongozana na watoto wa darasa la sita kwenda kutazama zana za kale. Mwongozaji wetu, kijana anayeipenda kazi yake, aliinua shoka la mkono, yaani jiwe lenye makali lisilo na mpini, akasema, "Wazee wetu walichonga mawe haya." Msichana aliyekaa mbele akauliza, "Walichonga kwa kisu gani, na chuma kilikuwa bado?" Kijana akajibu kwamba walitumia jiwe lililo gumu zaidi, tukasonga mbele.

Swali lile limenikaa. Mtoto yule alilisikia neno "kuchonga" sawasawa kuliko sisi wakubwa, akaona halikai. Na jibu alilopewa halikuwa sahihi. Nimelikuta "kuchonga mawe" vitabuni, kwenye vibao vya makumbusho, na sasa kwenye video za vijana wanaojifunza ufundi huu wenyewe. Mimi pia ni mwanafunzi wake, mwaka wa pili huu, na neno hilo lilinichelewesha miezi kadhaa. Kwa hiyo naomba tulizungumze.

Maana ya ufundi wenyewe, ambao mimi nauita kubambua mawe, ni fupi. Ni ufundi wa kutoa vipande vyembamba kwenye jiwe linalovunjika kama kioo, kwa pigo au kwa kukandamiza, hadi ubaki na umbo unalolitaka au upate kipande chenye makali. Huo ndio ufundi wote. Shida iko kwenye kitenzi.

Kuchonga ni kazi ya kitu kikali juu ya kitu kinachokubali kukatwa. Mchongaji wa Kimakonde ana tezo na patasi, na mpingo, pamoja na ugumu wake wote, hukatwa na chuma. Wachongaji wa Tabaka kule Kisii hukata jiwe la sabuni kwa panga na kisu, na hapo jiwe linachongwa kweli, maana ni laini. Chombo huenda mkono unakokipeleka. Ukitaka mfereji, unaukata mfereji.

Sasa chukua obsidiani, kile kioo cheusi cha volkeno kinachopatikana Naivasha na Gilgil. Hakuna kinachokatwa hapo. Unaligonga jiwe pembeni, nguvu inaingia, inatawanyika ndani kwa umbo la pia, yaani koni, na jiwe linapasuka lenyewe kwa kuifuata njia ya nguvu hiyo. Kama umewahi kuona dirisha lililopigwa kokoto, tundu dogo upande wa nje na pana upande wa ndani, umeiona pia hiyo yenyewe. Fundi hubambua kwa kukamata ubavu mmoja tu wa pia hiyo: hugonga karibu na ukingo, mahali ambapo pembe ya jiwe haifiki nyuzi 90, ili mpasuko utambae chini ya uso wa jiwe na kutoka na kipande bapa. Ukikigeuza kipande utaona kivimbe kidogo chini ya mahali pa pigo, na mawimbi yanayosambaa kutoka hapo kama maji yaliyotupiwa jiwe.

Ndiyo maana jibu la "jiwe gumu zaidi" si sahihi. Nyundo nzuri ya kutolea vipande virefu na vyembamba huwa ni pembe ya mnyama, mfupa au mti mgumu, vyote laini kuliko jiwe linalogongwa. Kama ingekuwa ni kuchonga, pembe isingeweza kulifanya lolote jiwe lile.

Neno tunalo, tena la zamani na la kila siku. Tunabambua gome la mti. Tunabambua rangi iliyovimba ukutani. Kiishio chake ni kilekile cha kubandua, kuzibua na kufungua, cha kutengua kilichoshikamana, na masikio yangu husikia pia "bamba" ndani yake, kitu chembamba na bapa. Mpe fundi wa mawe neno linalobeba kutenganisha na wembamba kwa pamoja, atakwambia hiyo ndiyo kazi yake. Wengine hupendekeza "kubanja". Silikatai, lakini anayebanja kungu hajali ganda limevunjika vipi, anataka kilichomo. Anayebambua jiwe huamua kabla ya pigo kipande kitatokea wapi na kitaishia wapi. Huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, kwenye zana za miaka milioni 3.3 iliyopita, unaweza kubishana kama ni kubanja au kubambua. Kwenye mashoka ya mkono ya Kariandusi, Kenya, na Isimila, Tanzania, ubishi huo haupo.

Najua nitaambiwa kwamba tunasema "mwamba umechongoka", basi kuchonga kuna haki yake. Ni kweli, jiwe lililokamilika huwa limechongoka. Lakini hilo ni jina la sura yake, na mimi nazungumzia jinsi lilivyofikia sura hiyo.

Na gumegume? Hilo nalo hutupwa kwa kila jiwe lenye makali. Gumegume ni jiwe mahususi, hukua ndani ya miamba ya chokaa kama ile ya kusini na mashariki mwa Uingereza, na wengi wetu tunalijua kwa bunduki: mtambo ulilibana, ukalipiga kwenye chuma, cheche zikawasha baruti. Mji wa Brandon, Uingereza, uliishi kwa kubambua mawe hayo ya bunduki, na mengi yaliletwa Afrika hata baada ya majeshi ya Ulaya kuziacha bunduki hizo. Waumini wanalikumbuka pia kwenye kitabu cha Yoshua, visu vya mawe ya gumegume. Lakini zana nyingi za kale za Afrika Mashariki ni za basalti, kwatsi na obsidiani. Kuziita gumegume ni kama kuuita kila mti mvule.

Limebaki tawi la pili, lile linalofanywa bila pigo. Wenzangu huliita "kuchonga kwa kukandamiza", na hapa neno linaumiza zaidi, maana mwanafunzi hushika msumari akaanza kukwangua. Nilikwangua wiki nzima kipande cha kitako cha chupa, nikapata unga na kidole kilichokatika. Neno la kazi hii tunalitumia mezani kila siku: kumega. Hakuna anayelichonga tonge la ugali. Unaingiza vidole, unasukuma kwa ndani, unapinda, linaachia.

Hivyo hivyo kioo. Unakiweka juu ya ngozi nene kwenye kiganja, ukingo ukiwa juu. Kwanza, na hili humshangaza kila anayeanza, unauharibu ukali: unausugua ukingo kwa jiwe la kukwaruza mpaka uwe butu, kwa sababu ukingo mwembamba husagika kabla haujapokea nguvu. Kisha unaweka ncha ya pembe, au msumari wa shaba uliofungwa kwenye mpini, juu ya ukingo huo. Unasukuma kuelekea katikati ya kioo, unasukuma zaidi, na nguvu ikishajaa ndani ndipo unaelekeza ncha chini kidogo. Tik. Kipande hutoka upande wa chini usiouona, kikaanguka kwenye ngozi: chembamba, kirefu kiasi, kama gamba la samaki. Ukianza kwa kusukuma chini utavunja ukingo tu.

Watu wamemega hivi tangu zamani sana. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, ncha za mkuki za miaka kama 75,000 iliyopita zilimalizwa kwa kumegwa, baada ya jiwe kupashwa moto ili likubali. Kabla ya utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wengi waliamini mbinu hiyo ilianzia Ulaya, miaka kama 20,000 iliyopita. Na Ishi, mtu wa kabila la Wayahi, wenyeji wa asili wa California, aliyejitokeza mwaka 1911, alimega ncha za mishale kwa vioo vya chupa mbele ya wageni wa makumbusho huko San Francisco.

Vaa miwani ya kazi, maana kibanzi cha kioo jichoni si cha mfano. Fanyia kazi nje penye upepo, kwani vumbi la mawe haya huharibu mapafu, kama lilivyowaharibu mafundi wa Brandon. Zoa mabaki yako yote, na usiyaache kabisa karibu na eneo la kale: mtafiti wa kesho hatajua lipi ni la babu na lipi ni lako.

Kijana yule mwongozaji nitamrudia, kwa sababu anawapenda wale watoto na wanamsikiliza. Nitabeba kitako cha chupa na ncha ya pembe, nimwombe dakika tano, amege kimoja mwenyewe. Msichana akirudi tena na swali lake, naye amjibu: hawakuwa na kisu, mwanangu, wala hawakukihitaji. Walilibambua jiwe, na kisu kikatoka humo.