Kwa Nini TT Yako ya Dola Imekwama New York

Elimu kwa umma kutoka Kitengo cha Uzingatiaji na Malipo ya Kimataifa

Malalamiko kuhusu TT za dola (fedha zinazotumwa nje kupitia benki) zinazochelewa, kurudishwa au kuzuiwa yamekuwa mengi, na karibu yote yanaanza na tuhuma ileile: benki imekalia fedha za mteja. Makala hii inaeleza fedha hizo ziko wapi, nani amezishika na kwa mamlaka gani. Kwa kifupi, zimeingia ndani ya sera ya mambo ya nje ya Marekani, hata kama mtumaji yuko Kariakoo, mpokeaji yuko Dubai na mzigo ni vipuri vya pikipiki.

Dola ya kibenki haisafiri. Benki ya Dar es Salaam ina akaunti ya dola katika benki mshirika ya New York, na benki ya Dubai ina yake hukohuko. Unapotuma dola 40,000, kiasi hicho hupunguzwa kwenye akaunti moja na kuongezwa kwenye nyingine. Benki mshirika zikiwa mbili tofauti, zinalipana kupitia CHIPS, mfumo unaopitisha zaidi ya dola trilioni 1.5 kwa siku, au kupitia Fedwire ya Benki Kuu ya Marekani. SWIFT, ambayo wengi wanadhani ndiyo inayobeba fedha, ina makao yake La Hulpe, Ubelgiji, na inabeba ujumbe tu kati ya taasisi zaidi ya 11,000. Kwa hiyo nakala ya SWIFT mnayowatumia wauzaji kwenye WhatsApp inathibitisha kwamba maagizo yametumwa. Haithibitishi kwamba fedha zimefika. Jambo hili tumelieleza mara nyingi kaunta na bado watu wanaachia mizigo kwa nakala hiyo.

Fedha zinapopita New York, hata kwa sekunde chache, zimepita katika ardhi ya Marekani na sheria za Marekani zinazishika. Msimamizi ni OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani iliyoanzishwa Desemba 1950, China ilipoingia katika vita vya Korea na Rais Truman akafunga mali za China na Korea Kaskazini. Tangu sheria ya dharura za kiuchumi ya mwaka 1977, utaratibu ni mwepesi kuliko watu wanavyofikiri. Rais anatangaza dharura ya kitaifa, anasaini amri, na OFAC inaweka majina kwenye orodha. Amri hiyo inaweza kuanza kazi siku hiyohiyo, bila kura ya Umoja wa Mataifa.

Hapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Vikwazo vya Baraza la Usalama vinaibana Tanzania, Kenya na kila mwanachama kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Vikwazo vya Marekani pekee havitubani kisheria. Mteja anayesema "Tanzania haijaweka vikwazo dhidi ya Cuba" anasema kweli kabisa. Cuba imewekewa vikwazo kamili vya biashara tangu Februari 1962, na tangu 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limekuwa likipitisha azimio baada ya azimio la kutaka viondolewe. Bado vipo. Nchi yako haikatazwi kufanya biashara na Havana. Ila dola yako haitapita, kwa sababu njia yake ina mwenyewe.

Nguvu hii inatokana na nafasi ambayo dola ilipewa mwaka 1944 Bretton Woods, ambako nchi 44 zilikubaliana na nyingi za nchi zetu hazikuwa na kiti kwa kuwa zilikuwa chini ya wakoloni. Wakati huo wakia moja ya dhahabu ilikuwa dola 35. Agosti 1971 Rais Nixon alivunja ahadi ya kubadilisha dola kwa dhahabu, lakini matumizi ya dola hayakupungua. Mwaka 2022 dola ilikuwa upande mmoja wa takriban asilimia 88 ya ubadilishanaji wote wa fedha za kigeni duniani. Taasisi yetu haina msimamo wa kisiasa katika hili. Lakini mwananchi ana haki ya kuelewa kwamba mlango anaopitia biashara yake unafunguliwa na kufungwa na serikali ambayo hakuichagua, na kwamba kufungwa huko mara nyingi hakuhusiani na kosa lolote lake.

Kwa nini benki zote zinatii? Angalieni BNP Paribas, benki kubwa ya Ufaransa. Mwaka 2014 ilikiri makosa na kukubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha dola za wateja wa Sudan, Iran na Cuba, na baadhi ya shughuli zake za dola zikasimamishwa kwa mwaka mmoja. Rais Hollande alimwandikia Rais Obama kuhusu ukubwa wa adhabu hiyo. Ililipwa. Kosa lililokuzwa zaidi lilikuwa wafanyakazi kufuta majina ya wahusika katika ujumbe wa malipo ili kichujio cha New York, yaani programu inayokagua majina, kisiyaone. Mteja anayemwambia ofisa wetu "ondoa hilo neno Sudan, andika tu bidhaa" anaomba kitendo hichohicho. Hatutakifanya, na ombi lenyewe linaandikwa kwenye faili lako.

Adhabu zinafahamika. Kwa kosa la madai, kiwango cha juu ni zaidi ya dola 350,000 kwa kila muamala au mara mbili ya thamani yake, ipi iliyo kubwa. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba ulikusudia. Inatosha kwamba ilitokea. Kwa kosa la jinai la makusudi, faini inafika dola milioni 1 na kifungo miaka 20. Tangu Aprili 2024 kosa linaweza kufuatiliwa kwa miaka 10 badala ya 5, na kumbukumbu sasa zinatakiwa kutunzwa kwa muda huohuo. Ndiyo maana mnaombwa ankara za zamani. Msizitupe.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya, Julai 2014 kitengo kingine cha wizara hiyohiyo, FinCEN, kiliitangaza FBME kuwa hatari kuu ya utakatishaji fedha. Ilikuwa benki iliyosajiliwa Dar es Salaam na yenye biashara kubwa Cyprus. Benki ilipinga mahakamani Washington na mwishowe ikashindwa, na Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ikaifutia leseni. Miaka miwili kabla ya sakata hilo kuanza, meli za mafuta za Iran zilikutwa zikipeperusha bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar uliofanywa na wakala aliyekuwa Dubai. Barua ya mbunge mmoja wa Marekani kwa Rais Kikwete ilitosha kuanzisha uchunguzi, na usajili wa meli hizo ukafutwa.

Sasa tuje kwenye TT yako. Benki ya New York husoma ujumbe mzima: mtumaji, mpokeaji, benki zote za njiani, anwani, jina la meli likiwemo, na maelezo ya malipo. Katika muundo wa zamani maelezo hayo yalikuwa mistari minne ya herufi 35, na wengi bado wanaandika kana kwamba nafasi ni hiyo: "GOODS" au "PAYMENT" tu. Neno kama hilo halimsaidii mchunguzi kitu. Andika bidhaa, namba ya ankara na tarehe, bandari ya kupakia na ya kushushia.

Majina ndiyo chanzo cha mikwamo mingi isiyo na sababu. Kichujio hakitafuti herufi zilezile tu, kinatafuta zinazofanana: Mohamed, Muhammad na Mohammed kwake ni kitu kimoja. Pwani yetu ina maelfu ya watu wenye majina mawili yanayolingana na ya mtu aliyeko kwenye orodha. Ukoo wa Shirazi unaweza kusimamishwa kwa sababu Shiraz ni mji wa Iran. Hii si haki kwa watu ambao babu zao wako Unguja na Kilwa kwa karne nyingi, na tunaisema hivyo kwa benki washirika kila inapotokea. Dawa yake ni majina matatu kama yalivyo kwenye hati ya kusafiria, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na anwani yenye mji na nchi katika nafasi zake. Hili la anwani si hiari tena. SWIFT imehamia muundo mpya wa ujumbe, na kuanzia Novemba 2026 anwani iliyorundikwa bila mji na nchi kutenganishwa haitapokelewa.

Kwa kampuni, kutokuwepo kwenye orodha hakutoshi. Kampuni ambayo watu waliowekewa vikwazo wanamiliki asilimia 50 au zaidi, moja kwa moja au kupitia kampuni nyingine, nayo imezuiwa hata kama jina lake halionekani popote. Hisa zao zinajumlishwa: mmoja ana 30, mwingine 20, imefika. Wafanyabiashara wa madini wa Maziwa Makuu walizingatie zaidi. Machi 2022 iliorodheshwa African Gold Refinery ya Entebbe. Februari 2025 aliorodheshwa James Kabarebe, waziri wa nchi wa Rwanda, na msemaji wa kundi la waasi la M23 Lawrence Kanyuka pamoja na kampuni zake mbili zilizosajiliwa Ulaya. Usajili wa Ulaya haukuwa kinga. Mwombe muuzaji orodha ya wanahisa kutoka kwa msajili wa nchi yake kabla ya kulipa amana.

Malipo yakisimamishwa kuna hali tatu, na wateja wanazichanganya. Yakiulizwa, benki ya New York inataka maelezo: tunakuandikia, unaleta ankara, hati ya mizigo na kitambulisho, na siku unazochelewa wewe ndizo malipo yanachelewa. Yakikataliwa, fedha zinarudi, pungufu ya makato. Yakizuiwa, hazirudi. Zinawekwa kwenye akaunti maalumu yenye riba huko Marekani, OFAC inaarifiwa ndani ya siku 10 za kazi, na hakuna meneja wa Dar es Salaam, awe nani, anayeweza kuzitoa. Zinabaki mali ya mwenyewe kwa jina, lakini hawezi kuzigusa.

Njia ya kuzitoa ni kibali. Maombi yanapelekwa OFAC kupitia mtandao wao, na mwenye maslahi katika fedha anaweza kuomba mwenyewe bila wakili. Ambatisha ujumbe wa malipo wenye namba ya ufuatiliaji ya herufi 36 inayoitwa UETR, jina la benki iliyozuia, tarehe na kiasi, maelezo ya kila mhusika, mkataba, ankara na hati ya mizigo. Kama jina limefananishwa kimakosa, eleza tofauti moja baada ya nyingine na uweke nakala ya hati ya kusafiria. Ombi linalosema tu "mimi ni mfanyabiashara mwaminifu" litarudishwa na maswali. Jibu linaweza kuchukua miezi mingi, na yeyote anayekuahidi kulipata wiki ijayo kwa malipo pembeni anakuibia.

Wapo wanaoshauriana kulipa kwa dirhamu au yuan ili kukwepa. Kulipa muuzaji wa Guangzhou kwa yuan ni halali na New York haihusiki. Lakini kama mpokeaji yuko kwenye orodha, sarafu haimsafishi. Marekani inaweza kuinyima benki ya nchi ya tatu akaunti ya dola kwa kumhudumia mtu huyo, na benki ya Dubai inalijua hilo. Ulaya yenyewe ilijaribu. Rais Trump alipojitoa katika makubaliano ya nyuklia ya Iran Mei 2018, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani ziliunda INSTEX ili kufanya biashara na Iran bila dola. Muamala wa kwanza, wa vifaa tiba, ulikamilika Machi 2020, na mwaka 2023 chombo hicho kikafungwa. Kutumia akaunti ya shemeji ni kumwingiza shemeji kwenye orodha ya maswali. Na kanuni za mwaka 2025 zinazokataza kutoza bei kwa fedha za kigeni nchini zinahusu biashara ya ndani, hazikupi wala hazikunyimi njia ya malipo ya nje.

Kagueni orodha siku ya kulipa, si siku ya kuagiza, maana sera hii hugeuka. Burundi iliwekewa vikwazo Novemba 2015 na vikaondolewa Novemba 2021. Vikwazo vya biashara dhidi ya Sudan vya mwaka 1997 viliondolewa 2017, lakini nchi hiyo ilibaki kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi hadi Desemba 2020, baada ya kukubali kulipa dola milioni 335 kwa waathirika, wakiwemo wa milipuko ya 1998 Nairobi na Dar es Salaam. Hata baada ya hapo, benki nyingi ziliendelea kuiogopa Khartoum. Vikwazo vikiondolewa kwenye karatasi, woga wa benki huchelewa kuondoka, na hakuna fomu ya kuupinga.

Mwenye lalamiko aliandike kwanza kwa tawi lake, akiambatisha UETR, na adai jibu la maandishi linalosema kama malipo yameulizwa, yamekataliwa au yamezuiwa, na benki gani. Asiporidhika, aende kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Dawati linaweza kutuhoji sisi kama tulichelewa kukuarifu au tulikata ada isiyostahili, na kwa hayo tunawajibika. Benki ya New York iko nje ya mamlaka yake.