Kabla ya Kuuliza "Nitapata Nusu?", Tuonyeshe Hati ya Baraza

Kila Wiki ya Sheria inapofika, mwishoni mwa Januari, mahakama zikitoa elimu kwa wananchi, meza ya mashauri ya ndoa haikauki watu. Wenye migogoro ya viwanja wanakuja asubuhi na kuondoka. Wa ndoa wanakuja jioni, mmoja mmoja, wakitazama nyuma kama kuna jirani aliyewaona. Na akishaketi, swali la kwanza huwa lile lile: "Mheshimiwa, nitapata nusu?", yaani nusu ya mali wakiachana. Ni wachache mno wanaouliza waanzie wapi, na hapo ndipo mashauri mengi yanapokufa.

Niseme mapema kwamba naandika kama hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, kwa ajili ya elimu tu. Mwenye shauri lililoko mezani asichukue maneno haya kuwa ndiyo uamuzi wa shauri lake. Pia nazungumzia Tanzania Bara, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, haitumiki Zanzibar.

Kabla ya kufungua shauri la talaka mahakamani, sheria inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Yapo ya kata, na yapo ya dini, ya Waislamu na ya makanisa, yaliyotambuliwa kisheria. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Linawaita wote wawili, linawasikiliza, linajaribu kupatanisha. Likishindwa, linatoa hati kwa fomu maalumu, ile tunayoiita Fomu Namba 3, likieleza kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Linaweza kuambatanisha mapendekezo yake kuhusu matunzo, mali na watoto, lakini yanabaki kuwa mapendekezo. Baraza halivunji ndoa. Baraza haligawi vyombo. Nimeona wanandoa waliogawanyiwa hadi masufuria mbele ya wajumbe, wakaenda nyumbani wakiamini wameachana kisheria, na mmoja wao tayari ameshalipa mahari kwingine. Ndoa ile ilikuwa ya mke mmoja. Anayefunga ndoa nyingine wakati ya kwanza ya mke mmoja haijavunjwa anatenda kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo. "Lakini baraza lilituachanisha" si utetezi.

Hati hiyo ina umri. Isizidi miezi sita tangu itolewe hadi siku unapofungua shauri. Mama mmoja alinifikia na bahasha ameifunga ndani ya kanga, akaifungua taratibu kama anafungua dhahabu. Ndani mlikuwa na barua ya mtendaji, mhuri wa rangi ya zambarau umekaa upande, maneno mawili ya maana: "Hawa wameshindikana." Hiyo si hati ya baraza, ni barua ya utambulisho. Akarudi kwenye baraza, akapata hati safi kabisa, kisha wakakaa kikao cha ukoo, wakajaribu kurudiana. Walipofarakana tena hati ilikuwa na miezi minane. Nikamrudisha mara ya pili. Alinichukia siku ile, na namwelewa, lakini ningelipokea shauri lake lingefutwa huko juu. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mienendo ya mashauri yaliyopita ngazi zote za chini, kwa sababu tu yalifunguliwa bila hati halali ya baraza. Miaka inapotea, mnaanza upya.

Kuna hali ambazo baraza linaweza kurukwa: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita, ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi, anatumikia kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama yenyewe imeridhika kuna mazingira yasiyo ya kawaida. "Hatuongei" si mojawapo. "Mama mkwe anaingilia" pia hapana. Na ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, huwezi kufungua shauri la talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hicho hutolewa kwa aliye katika shida kubwa isiyo ya kawaida.

Kwa ndugu zangu Waislamu, kuna jambo linalozungumzwa vibaya pande zote mbili. Wapo wanaosema mahakama haitambui talaka ya Kiislamu. Inaitambua. Baraza likishathibitisha limeshindwa kusuluhisha, kisha mmoja wenu akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itaona ndoa imevunjika na itatoa amri ya talaka. Tazama mpangilio huo, baraza kwanza. Mwanaume anayetuma talaka tatu kwa WhatsApp saa nane za usiku, kisha asubuhi anabadilisha kufuli la mlango, hajamaliza kitu mbele ya sheria, amejiongezea maswali ya kujibu.

Sasa tuje kwenye nusu.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa na wanandoa kwa nguvu za pamoja. Hakisemi nusu kwa nusu. Kinataka tuangalie mila za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Tukishapima hayo, tuelekee kwenye usawa. Kuelekea si kufika. Nyumba uliyojenga kabla ya ndoa nayo inaweza kuingia mezani, kama mwenzako ameiendeleza kwa kiasi kikubwa. Jina lililoko kwenye hati ya kiwanja linampa mwenye jina nafasi ya kuanzia, halimalizi mjadala.

Wanaume wengi bado wananiambia, "Huyu alikuwa anakaa nyumbani tu." Hilo lilishajibiwa mwaka 1983 na Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kupika, kulea, kufua na kuitunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango. Ni zaidi ya miaka 40 sasa! Ila wanaolitaja shauri hilo kwa mbwembwe husahau upande wa pili wake: Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, kwa sababu ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi wa familia, naye akazitapanya. Kanuni ilisimama, mgao haukuwepo. Mchango unathibitishwa kwa ushahidi, na anayeudai ndiye mwenye mzigo wa kuuthibitisha.

Ushahidi wenyewe si lazima uwe wa kutisha. Kuna mama aliyekuwa akiuza maandazi na uji, aliyedai kwamba bati za nyumba alinunua yeye. Risiti zake zilikuwa zimekaa kwenye dari miaka, wino umefifia kabisa, karatasi imebaki nyeupe. Mumewe akacheka. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja na daftari lake la mikopo, ukurasa wenye jina la huyo mama na malipo ya kidogo kidogo kila Jumamosi, na fundi aliyeezeka akaeleza nani alikuwa anampa posho. Tukapata pa kushika. Kwa hiyo piga picha risiti zako. Hifadhi ujumbe wa miamala ya simu. Mkumbuke fundi wako kwa jina, maana "fundi Juma wa kule chini" hawezi kupelekewa wito.

Nyumba mnayoishi kama mume na mke haiuzwi, haipangishwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, hata kama ni ya jina moja. Ukihisi inauzwa, usingoje talaka. Kwa nyumba yenye hati, nenda kwa Msajili wa Hati uweke zuio. Isiyo na hati, omba amri ya mahakama. Kuja baada ya mnunuzi kuhamia na kupaka rangi kunafanya kazi iwe ngumu kwa kila mtu.

Matunzo nayo yana pande mbili. Ya watoto ni wajibu wa wazazi, talaka haiyafuti. Ya mke yanaweza kuombwa hata shauri likiwa bado linasikilizwa, na wengi hawaombi kwa kutojua. Baada ya talaka, yanatolewa pale penye sababu maalumu, mahakama ikipima uwezo wa mume na mahitaji ya mke, na yanakoma mke akiolewa tena. Mume aliye mgonjwa asiyejiweza naye anaweza kuyaomba kwa mke mwenye uwezo. Wanaume mkiambiwa hili huwa mnaangalia pembeni.

Na tafadhali, ile ya "tumekaa miezi sita tumekuwa mke na mume" haiko popote katika sheria yetu. Ni miaka miwili au zaidi, mkiishi pamoja na kutambulika kwa watu kama wanandoa, na hata hapo sheria inawachukulia tu kuwa mmeoana, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Dhana hiyo haiwapi cheti cha ndoa. Inampa mwanamke na watoto mlango wa kuomba matunzo na nafuu nyingine mahakamani.

Hukumu ikitoka, haijitekelezi. Mdaiwa asipolipa, ni wewe unayerudi kuomba utekelezaji ili mali yake ikamatwe au mshahara ukatwe. Kwa asiyemudu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kusaidiwa bure; waulize maofisa ustawi wa jamii au wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe. Ukirudi kwetu njoo na namba ya shauri, iandike hata nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu karani hawezi kulitafuta jalada kwa jina la Mama Zawadi.