Mawaziri wa Antonescu: wakubwa wa Romania walijua nini wakati wa vita

Sisi tunaofanya kazi na nyaraka za vita vya pili vya dunia swali hili tunaulizwa kila leo, eti Romania si ililazimishwa tu na Hitler kuua Wayahudi, mawaziri wake wangefanya nini? Jibu lipo, tena lipo kwenye maandishi ya serikali yenyewe, sababu vikao vya baraza la mawaziri vilikuwa na waandishi wa hati mkato na kila kilichosemwa kilipigwa chapa kikawekwa kwenye faili.

Tuanzie Septemba 1940. Ndani ya kiangazi kimoja tu Romania imepoteza Bessarabia na Bukovina ya kaskazini kwa Wasovieti, Transylvania ya kaskazini imeenda Hungaria, mfalme Carol II akaachia kiti kwa mwanae Mihai na madaraka yote yakamwangukia Jenerali Ion Antonescu. Serikali yake ya mwanzo aliigawana na Legion, wale mafashisti wa mashati ya kijani, bosi wao Horia Sima akawa naibu waziri mkuu, lakini haikufika hata miezi mitano wakaasi, Januari 1941, wakaua Wayahudi zaidi ya mia moja pale Bucharest, jeshi likawazima na tarehe 27 mwezi huohuo likaundwa baraza jipya lililojaa majenerali.

Sasa wengi wanadhani wenye siasa kali ndo walikuwa wametoka hapo. Hapana jamani. Mauaji makubwa yalikuja baadae, chini ya maofisa na wanasheria ambao hiyo Legion walikuwa wameshaitupa nje.

Mtazame Mihai Antonescu, naibu waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje. Huyu ni msomi, mwalimu wa sheria chuo kikuu, hajafika hata miaka 40. Tarehe 8 Julai 1941, vita na Sovieti, ambayo Romania iliingia upande wa Ujerumani, ina wiki mbili tu, aliwaambia mawaziri wenzake waziwazi kwamba anataka Wayahudi wote wa Bessarabia na Bukovina waondolewe kwa nguvu, kwamba historia ikiwaita washenzi yeye hajali, na ikibidi bunduki za rashasha zitumike. Na hakuyasema faraghani, ni kikao rasmi cha serikali.

Ya kwenye kikao lazima yapate mtu wa kuyafikisha vijijini, na huyo alikuwa Jenerali Constantin Vasiliu, mkuu wa jandarma, yaani askari wa kulinda vijiji, ambaye baadae akawa naibu waziri wa mambo ya ndani. Jandarma wake walipewa amri ikaitwa "kusafisha ardhi": Wayahudi wa vijijini wauawe papo hapo, wa mijini wafungiwe gheto. Waliobaki hai wakaswagwa kwa miguu kuvuka mto Dniester hadi Transnistria, eneo la Ukraine lililotawaliwa na Romania wakati wa vita, ambako gavana alikuwa Gheorghe Alexianu, naye profesa wa sheria. Waroma (wale wanaoitwa Wajipsi) kama 25,000 nao walipelekwa hukohuko mwaka 1942 na kiasi cha 11,000 wakafa, wengi kwa njaa, baridi na typhus.

Hiyo hoja ya kulazimishwa inaangukia hapa. Mwaka 1942 Wajerumani walitaka Wayahudi wa Romania penyewe wapelekwe kambi ya mauaji ya Belzec huko Poland, mipango ikaandaliwa, alafu vuli ile Ion Antonescu akaisimamisha na Hitler hakumfanya kitu. Kwa hiyo kukataa kuliwezekana kabisa!

Tarehe 23 Agosti 1944 mfalme Mihai, kijana wa miaka 22, aliwaita Antonescu wote wawili ikulu, wakakamatwa na kufungiwa kwenye chumba cha chuma ambacho baba yake alikuwa anatunzia stempu zake. Mei 1946 wakahukumiwa na tarehe 1 Juni wakapigwa risasi gereza la Jilava karibu na Bucharest, wanne: Ion Antonescu, Mihai Antonescu, Vasiliu na Alexianu. Jenerali Pantazi, waziri wa ulinzi, adhabu yake ya kifo ikageuzwa kifungo.

Mwaka 2004 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika kambi za Wanazi, ilisema Wayahudi kati ya 280,000 na 380,000 walikufa Romania na kwenye maeneo iliyoyatawala, na ikaitaja serikali ya Antonescu kuwa ndo mhusika. Bado miaka miwili mbele mahakama ya rufaa ya Bucharest ikamsafisha Ion Antonescu kwa baadhi ya makosa, hadi Mahakama ya Juu ilipoufuta uamuzi huo mwaka 2008.