Majivu ya volkano hayapimwi kwa kaboni

Hapa Mwanza, mtu akirudi kutoka Bonde la Olduvai hukosi kusikia kwamba umri wa majivu ya volkano ya kule hupimwa kwa kaboni. Sivyo. Kipimo hicho hutumia kaboni-14, kaboni yenye mionzi ambayo viumbe huichukua wakiwa hai, nayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000 hivi, haibaki ya kutosha kupimwa. Tena majivu hayakuwahi kuwa kiumbe hai.

Badala yake, katika chembe za kioo zilizomo kwenye majivu huhesabiwa vijistari vilivyoachwa na atomi za urani zilizopasuka zenyewe; huongezeka kadiri miaka inavyopita. Ukihesabu 100, kosa la kuhesabu peke yake ni kama 10. Ukihesabu 400, ni 20, yaani asilimia 5. Kwa hiyo ile alama ya ± inayoandikwa pamoja na umri, kuonyesha kosa, si kubahatisha. Kinachosumbua zaidi ni joto: hufifisha vijistari, kioo kikaonekana kipya kuliko kilivyo, na hilo sharti lisahihishwe.